Neno la Kibarazani

Kiangazi cha Kigali huja na vumbi jekundu lisilo na haraka ya kutua. Asubuhi milima ya upande wa pili haionekani. Hujitokeza polepole, mmoja baada ya mwingine, na mpaka saa nne hivi ndipo unapokuwa na hakika kwamba bado ipo. Miye huzipenda saa hizo. Nakaa kibarazani kwetu Nyamirambo, mguu kwenye kanyagio la cherehani, chai pembeni, na kabla mteja wa kwanza hajafika ninakuwa nusu macho, nusu usingizini.

Mwaka ule wa uchaguzi wa rais, hali hiyo ilinikaa karibu mwezi mzima. Magari ya vipaza sauti yalipita huko bondeni, na nyimbo zikapanda mlima mpaka kwetu zikiwa zimeshachoka, maneno yamedondoka njiani, umebaki mdundo tu. Nilikuwa nashona, mdundo unaingia mguuni, kutoka mguuni unaingia kwenye sindano. Nikija kushtuka, gauni limekwisha na sikumbuki nililianza saa ngapi.

Tulikuwa wawili kibarazani. Mwenzangu alikaa mkabala nami, cherehani yake ikitazamana na yangu, na tulikuwa hivyo kwa miaka zaidi ya ishirini. Miye nimezaliwa mtaa huu huu. Babu yangu alifika na wafanyabiashara waliotoka pande za pwani, akaoa, akasahau kurudi. Yeye wazazi wake walikimbilia Tanzania zamani, akazaliwa huko, akakulia huko, na aliporudi nchini alikuwa msichana mkubwa mwenye Kiswahili kilichotufanya sisi wote tuonekane wababaishaji. Nikisema nguo iko na shida, yeye huinua macho juu ya miwani: "Ina shida, dada. Ina." Nami humwambia ashone suruali kwa hicho Kiswahili chake tuone kama haitapwaya.

Huyu ndiye aliyelala nyumbani kwangu siku zote saba nilipomzaa mtoto wangu wa mwisho. Ndiye aliyeingia nami kumwosha mama yangu alipofariki, akamshika kichwa kwa upole ambao sikuwa nao mimi binti yake, kwa sababu nilikuwa nalia. Sina ndugu wa tumbo moja. Ninaye yeye. Nalisema hili mapema ili ijulikane nilikuwa nachezea nini.

Huko alikokulia, alinihadithia mara nyingi, watu hubishana siasa kwenye kahawa mpaka mishipa ya shingo inawatoka, kisha mmoja anamnunulia mwenzake kikombe kingine na wanakwenda kuswali pamoja. Kwake ubishi ni mchezo, kama bao. Kwetu tuliokuwapo hapa, haukuwa mchezo. Nilikuwa mtoto wa kike wa miaka michache tu nilipoisikia redio ikiwaita majirani zetu kwa neno, siku baada ya siku, mpaka neno likawa jepesi midomoni mwa watu, na waliolizoea wakaja na mapanga. Mama yangu alificha watu darini. Alisimama mlangoni akaapa kwa Mungu kwamba ndani hakuna mtu, na mpaka anaingia kaburini hakutubia kiapo kile. Basi watu wakiniambia habari za umoja, miye sihitaji kufundishwa. Naipenda amani hii kwa hasira. Mtu akiigusa, naruka.

Wiki ya pili ya kampeni kazi ilikuwa nyingi. Kila mwanamke alitaka gauni au kilemba cha rangi za chama chake, na kwa kuwa wengi chama chao kilikuwa kimoja, vibaraza vyote vya mtaa vilijaa rangi zile zile. Miye nilikuwa najishonea langu pia. Rais aliyepo ndiye niliyemtaka, sikuficha wakati ule na sifichi sasa: jioni natembea peke yangu barabarani, taa zinawaka, na binti yangu anasoma. Mwenzangu alishona vilemba hivyo hivyo, tena upesi kunishinda, huku mdomo unakwenda.

Asubuhi hiyo wanawake watatu walikuwa wanangoja kupimwa. Mmoja wao alikuwa mutwarasibo wetu, yaani mama anayeangalia safu yetu ya nyumba: nani amehamia, nani anaumwa, nani hakuonekana kwenye umuganda, ile kazi ya pamoja ya mwisho wa mwezi. Si mtu mbaya. Ana masikio tu.

"Mimi kura yangu nitampa yule mwingine," mwenzangu alisema, akikata uzi kwa meno. "Nimemsikia redioni. Wenzake wote wanaongea mambo makubwa makubwa, yeye kaongea habari ya maji ya bomba kukatika. Maji tu, jamani. Nimempenda."

"Eh! Iko unapoteza kura bure," alisema mmoja wa wale wanawake.

"Haipotei, mama. Wa kwenu ana watu tele, hata asipopata yangu hatalala njaa. Huyu naye asirudi kwake mikono mitupu."

Walicheka. Lakini walicheka kwa upande mmoja wa mdomo, na kabla ya kucheka macho yao yalikwenda kwanza kwa mutwarasibo. Niliyaona yale macho. Niliogopa. Niliogopa kwa ajili yake, naapa, na woga wangu siku zote hutoka nje umevaa hasira.

"Nyamaza weye!" nikapiga kelele. "Usituletee amacakubiri hapa! Iko watu walikufa juu ya maneno kama hiyo!"

Amacakubiri. Kwa Kiswahili utasema mgawanyiko, na mtu ataendelea kunywa chai yake. Kwa Kinyarwanda, baada ya yote tuliyoyapitia, neno hilo ni tuhuma. Ni kumwambia mtu kwamba anataka kuturudisha kule. Halisemwi kwa utani, kama vile sokoni humwiti mtu mwizi kwa utani.

Cherehani zote mbili zilinyamaza. Mdundo wa bondeni ukasikika vizuri. Mutwarasibo alikunja kitambaa chake ambacho hakijaguswa na mkasi, akasema atapita kesho. Wenzake nao wakakumbuka kwamba wameacha sufuria motoni. Mwenzangu alitoa pini mdomoni, moja moja, akazichomeka kwenye kijimto chake.

"Umeniitaje?" aliniuliza.

Watu husema ulimi hauna mfupa. Wangu ulikuwa nao siku hiyo, ukanikwama kooni. Alifunika cherehani yake na adhuhuri bado, akateremka ngazi, akaenda zake. Kesho yake alikuja mapema kuliko mimi. Nilipofika nilikuta ameigeuza cherehani inatazama ukuta, na kwa mara ya kwanza katika miaka yote ile nikashona nikiutazama mgongo wake.

Nataka nieleweke: hakuna mtu aliyemfanya kitu. Hakuitwa popote, hakuandikwa popote, hakuna aliyemgombeza. Kilichotokea kilikuwa kidogo kuliko hivyo, na cha polepole. Wateja wake walianza kukumbuka kwamba nguo zao za zamani bado zinafaa. Salamu zake zilijibiwa, lakini kwa ufupi. Pale kwenye duka la maziwa, ambako zamani watu walisogeana apate pa kukaa, sasa walimwachia benchi zima. Kila mmoja alidhani mwenzake anajua jambo. Na jambo lenyewe lilikuwa ni sauti yangu, asubuhi moja, kibarazani.

Nami badala ya kujuta nikamkasirikia. Kwa nini hakunitukana? Angenitukana tungemaliza. Alikuwa na haki ya kunirushia mkasi, nami ningeudaka, tungelia, tungekunywa chai. Badala yake alikuja kila siku, akasema "Assalaam alaykum" kwa ukuta, akashona kile kidogo alichokuwa nacho. Mshono wa blauzi yake ulikuwa umefumuka begani. Nilikuwa nao uzi wa rangi ile kwenye mtoto wa meza yangu. Nikautazama ule mshono siku nne.

Siku ya tano, mchana, jua kali na hakuna mteja, nilisinzia nimeegemea cherehani. Nikaota niko kwetu utotoni, redio iko juu ya kabati la vyombo, mama anachagua mchele. Redio ilikuwa inamtaja mwenzangu. Inamtaja jina lake, jina la baba yake, na mlango wa nyumba yake, kisha lile neno. Nikamwambia mama, zima. Mama akaniambia, zima weye, ni weye unayeongea. Nikasikiliza vizuri, na kweli sauti ilikuwa yangu.

Nilipoamka mate yalikuwa yamelowesha kitambaa cha mteja. Mwenzangu alikuwa amegeuka ananitazama. Nadhani nilikuwa nimepiga kelele. Akageukia ukuta wake tena.

Baada ya umuganda wa mwezi huo, tukiwa bado na majembe na jasho, kiongozi wa mtaa aliitisha mkutano kama kawaida. Sisi humwita Mudugudu, kwa jina la kijiji anachokiongoza. Ni mwalimu mstaafu, anaongea taratibu, na hupenda kutupa kazi za nyumbani kama bado tuko darasani. Alifika kwenye habari ya chumba cha kupigia kura.

Wageni hushangaa kuona tunavyofanya. Kwetu uchaguzi ni harusi. Chumba cha kura hupambwa kama anapoingia bibi harusi: vitambaa vinashuka kutoka darini, vikapu na maua mezani, migomba miwili mlangoni, na ndoo ya kunawia mikono yenyewe inavalishwa sketi. Kila safu ya nyumba hupambia darasa lake pale shuleni, na watu hupita kuchungulia nani ameshinda nani. Darasa letu tangu zamani tulilipamba sisi wawili.

"Washonaji wetu," Mudugudu alisema. "Kama siku zote."

Sauti moja kutoka nyuma ikauliza, wala si kwa ukali: "Wote wawili?"

Hakuna aliyegeuka kuona ni nani. Watu mia hivi, na hakuna shingo iliyosogea. Mwenzangu alikuwa amesimama pembeni, mkono juu ya mpini wa jembe. Hapo ndipo ningesema. Nilikuwa na mdomo, nilikuwa na sababu, nilikuwa na watu wote mbele yangu. Nikatazama viatu vyangu, vina udongo. Bado naviona viatu vile.

"Wote wawili," Mudugudu alijibu, kama anayesoma majina ya darasa. "Na tafadhali, rangi iwe isiyo ya mtu."

Hilo la rangi lilikuwa kazi. Chumba cha kura hakitakiwi kuwa na dalili ya chama chochote, nasi washonaji wa Nyamirambo tulikuwa tumeshona rangi za vyama mwezi mzima. Tulifungua makabati yetu kimya kimya. Nyekundu ina wenyewe. Buluu ina wenyewe. Nyeupe peke yake haina neno, lakini inategemea imekaa karibu na nini. Kijani, hapana. Zambarau mutwarasibo, aliyepita kuangalia kazi, aliikataa, akasema ana hakika iko na mtu, ila hakumbuki nani. Tulimaliza rangi zote za Mungu. Mwishowe mwenzangu alitoa kwenye gunia majora mawili ya bitana, ile ya rangi ya chai ya maziwa tunayoiweka ndani ya makoti. Hakuna mteja aliyewahi kuichagua kwa kuipenda. Inakaa ndani, inabeba jasho, na koti likivuliwa ndipo unajua ipo.

"Hii?" aliuliza. Lilikuwa neno lake la kwanza kwangu baada ya siku kumi na moja.

"Hiyo," nikasema.

Siku moja kabla ya kura, alasiri, tukalivalisha darasa. Yeye alipanda juu ya dawati na nyundo na misumari midogo, miye nikashikilia dawati lisiyumbe. Maneno yetu yalikuwa "leta," "vuta," "shusha kidogo." Tulipomaliza kuta tatu, upepo uliingia dirishani na bitana yote ikavuta pumzi pamoja, ikashuka, ikavuta tena. Jua la jioni lilipita ndani yake likawa kahawia. Sauti za watoto uwanjani zilikuja kwa mbali. Ilikuwa kama tumo ndani ya koti la mtu mkubwa sana aliyelala, na kwa dakika chache nilisahau kabisa kwamba tumegombana. Nilikuwa karibu kumwambia, shoga, tazama.

Kisha nikakumbuka, na nikasema, "Nisamehe."

Alikuwa na misumari mdomoni. Aliitoa yote kwanza.

"Unaniomba wapi?"

"Hapa."

"Hapa pana nani?"

"Miye na weye."

"Ulinisema mbele za watu, dada," alisema kutoka juu ya dawati. "Unaniomba radhi mbele ya madawati."

Nikashikilia dawati kwa nguvu zaidi, kama hilo lingesaidia.

"Unajua kwa nini wameliamini?" aliendelea. "Kwa sababu umelisema wewe. Mimi sikuwapo mwaka ule, wewe ulikuwapo. Mama yako kila mtu anajua alichofanya. Angesema mtu mwingine, wangecheka. Umesema wewe, wakasema: yule aliyeyaona ameona kitu." Alishuka, akakusanya mkasi na nyundo, akatoka. Dawati nikalirudisha mimi peke yangu.

Asubuhi ya kura tulitoka na adhana ya alfajiri. Ukungu na vumbi vilikuwa vimechanganyika, na watu walikuja kutoka vichochoroni wamevaa vizuri, hawana haraka, hawana kelele, kama waliokubaliana kuota pamoja. Wazee waliletewa viti. Wajawazito na wenye watoto mgongoni walipitishwa mbele. Miye nilikuwa mtu wa tano kwenye foleni, kwa sababu napenda kuwahi, na nilikuwa nimevaa gauni jipya lisilo na rangi ya mtu.

Yeye alikuja foleni ikiwa imefika getini. Nikamwona akijiunga mwishoni. Nikaona pia jinsi mtu wa mbele yake alivyosogea hatua moja zaidi ya lazima, na aliyekuja nyuma yake alivyosimama mbali kidogo. Foleni nzima watu walibanana mgongo kwa kifua, isipokuwa pale. Ukitazama kutoka mbele ulikuwa unaona mwanga umepita kila upande wake. Angeweza kusimama mtu pale, tena wawili.

Nilitoka kwenye nafasi yangu. Yule wa nyuma yangu akaniuliza kama nimesahau kitambulisho. Nilitembea foleni yote mpaka kwake, nikasimama mbele yake, nikageuka niwatazame watu.

"Nyie wote mlisikia, ao mliambiwa," nikasema, na sauti ilitoka kubwa kuliko nilivyotaka. "Siku ile kibarazani nilimuita huyu neno."

Kijana wa kujitolea mwenye utepe begani alikuja mbio. "Mama, mama, hapa siasa hapana."

"Hii si siasa, mwanangu. Hii ni ujirani." Nikaendelea kabla woga haujanirudia. "Ile neno ilikuwa ya woga yangu. Haikuwa ya yeye. Yeye alisema tu mtu anayempenda, na kupenda mtu si kosa. Mwenye kosa ni miye. Basi."

Jogoo aliwika huko chini, na nakumbuka niliona aibu kwa ajili ya jogoo huyo. Nikajipenyeza kwenye ile nafasi, nyuma ya mwenzangu, nikangoja. Hakugeuka.

"Umemaliza?" aliuliza.

"Nimemaliza."

"Basi sogea. Unanikanyaga gauni."

Mtu mmoja alicheka, halafu wa pili. Mutwarasibo, ambaye kazi yake siku hiyo ilikuwa kupanga watu, alikuja akatusukuma wote mbele kwa mgongo wa mkono, "Begeranya, begeranya," yaani tubanane, na alipofika kwa mwenzangu alimwuliza kama bado anaweza kumshonea kile kitambaa chake. Mwenzangu akamwambia alete. Alisema hivyo kwa ubaridi. Hata kwangu, saa mbili tulizosimama pale, hakusema neno jingine.

Ndani, bitana ilikuwa inapumua polepole, na watu waliinamisha vichwa walipopita chini yake. Nilikwenda nyuma ya pazia nikampa kura yule niliyemtaka tangu mwanzo. Kidole kikatiwa wino. Nikarudi nyumbani kupika.

Alasiri upigaji kura ulipofungwa, milango ilifunguliwa ili anayetaka asikie hesabu. Tulijaa darasani mpaka dirishani. Mwalimu mmoja alitoa karatasi moja moja, akaikunjua, akaiinua juu kila mtu aione, akasoma jina. Lilikuwa jina lile lile, na lile lile, na lile lile, mpaka likawa kama uradi, na macho yangu yakaanza kuwa mazito kwa joto. Kisha akasoma jina la yule mwingine.

Watu wote walijitahidi kutomtazama mwenzangu. Walitazama dari, walitazama ubao. Yeye alikuwa amesimama karibu na mlango, mikono nyuma, kidevu juu. Moja. Kila mtu alikuwa anaijua hiyo moja, na kusoma kukaendelea, jina lile lile, lile lile, mpaka jua likafika kwenye ukuta wa mwisho na karatasi zikawa zimebaki chache.

Mwalimu akakunjua moja, akasita, akaiinua juu zaidi. Yule mwingine, tena. Mbili.

Sasa watu walitazamana. Hakuna aliyesema, lakini vichwa viligeuka kwa mara ya kwanza, mmoja kwa mmoja. Niliona mwenzangu akinitafuta kwa macho katika ule umati, akanipata, na macho yake yakajaa machozi.

Kesho yake nilimkuta kibarazani ananingojea. Cherehani yake ilikuwa imegeuzwa, inatazamana na yangu. Alikuwa amenunua chai na mandazi. Nilipoketi alinyoosha mkono juu ya vile vichwa viwili vya cherehani, akanishika.

"Dada," akasema. "Ulipoacha nafasi yako kwenye foleni nilisema haya, amejitahidi. Lakini sikutegemea hili. Wewe na msimamo wako ule. Ili nisiwe peke yangu."

Nilichelewa kuelewa. Nilipoelewa, mkono wangu ulikuwa bado ndani ya wake, moto, na chai inatoa mvuke, na kila kitu nilichokitaka kwa majuma mawili kilikuwa kimerudi mahali pake. Nilichotakiwa kufanya ni kunywa chai tu. Kunyamaza nakujua sana. Nimelelewa nako.

"Si miye," nikasema.

"Nini?"

"Ile kura ya pili. Miye nilimpa wangu. Lile neno nalijutia mpaka leo, lakini kura yangu ni yangu kama yako ilivyo yako."

Hakuutoa mkono. Alinitazama muda mrefu, kama anavyotazama mshono wa fundi mwingine, na nikaona anafikiria kukasirika, kisha anachoka, kisha midomo inaanza kumcheza. Akacheka mpaka akavua miwani. "Mungu wangu, unajua kuharibu mambo, wewe," akasema. Kisha akaacha kucheka. "Basi nani?"

Tukageuka wote wawili, tukatazama barabarani. Ilikuwa saa ya watu kwenda kazini. Alipita muuza maziwa. Alipita mutwarasibo na kitambulisho chake shingoni, akatupungia mkono. Mwenye bucha, mwadhini, mama wa watoto pacha, wale wanawake wawili waliocheka siku ile. Wote walitusalimia, nasi tukawaitikia, na kila aliyepita tulimsindikiza kwa macho mpaka kona.

Mmoja wao alisimama nasi kwenye foleni ile. Mwezi mzima alikuwa anajua moyoni atampa nani, na majuma mawili alisikia mtaa ukirudia nilichosema. Basi asubuhi ile nilipofungua mdomo wangu kumwita mwenzangu lile neno, nilikuwa nimemwita na huyo pia. Mwenzangu amenisamehe. Huyo sijamwomba bado, maana simjui, na kila siku anapita hapa mbele yangu ananiuliza nimeamkaje.